Mtoto wa Meza Alipogoma Kutoka

Kwenye jarida letu neno "droo" lilikuwa haramu. Ukiliandika, Mzee analikata kwa kalamu nyekundu na pembeni anaandika: mtoto wa meza. Ukirudia, anakuita ofisini kwake, anavuta droo ya meza yake polepole, anairudisha, halafu anakuuliza, "Huyu nani?"

"Mtoto wa meza, Mzee."

"Ana mama?"

"Anaye, Mzee."

"Haya, kaandike jina lake."

Ndivyo alivyotulea. Mzee alikuwa mhariri mkuu wa jarida dogo la mafundi seremala: kurasa 16, toleo moja kila miezi mitatu, ofisi ya vyumba viwili nyuma ya karakana jijini Dar es Salaam, si mbali na Keko, kule makochi na vitanda vinapopangwa kando ya barabara kama vinasubiri daladala. Aliliongoza miaka 23. Alilianza enzi za stensili, kurasa zinabanwa kwa pini mojamoja, na nakala moja inazunguka karakana nzima mpaka inageuka rangi.

Hakukubali kuchapa kipimo ambacho hajakikata kwa mkono wake. Ukimletea mchoro wa kiti, anavua shati la ofisini, anaingia karakanani, na baada ya siku tatu anatoka na kiti. Akikikalia kikalia, makala inarudi kwako. Kwa utaratibu huo hatukuwahi kutoa toleo kwa wakati hata mara moja, ila hakuna fundi aliyetuandikia kwamba kiti cha ukurasa wa 7 kimemwangusha mkwewe. Na vidole vyake vyote kumi vipo. Kwa seremala wa umri wake, hicho ni cheti.

Alipotimiza miaka 60 akatangaza kwamba anapumzika. Tukaunda kamati. Sisi hata tukipotea porini tutaunda kamati kwanza, ndipo tutafute njia. Kamati ikapitisha pilau, keki, turubai, mshereheshaji na zawadi. Zawadi ndiyo ikaleta mjadala. Mmoja akapendekeza kochi la dukani, tukamtazama mpaka akaomba radhi. Mwishowe tukakubaliana: meza ya kuandikia, ya mninga, yenye mtoto mmoja, itengenezwe na sisi wenyewe. Nani ataitengeneza? Nikanyoosha mkono.

Nisiwafiche, mimi pale jaridani ni msahihishaji. Kazi yangu nukta na mkato. Lakini miaka tisa nilikuwa nikisoma makala za useremala kabla ya fundi yeyote, nikajiona nimeiva. Mtu akisoma bango la mama ntilie miaka tisa naye hujiona mpishi.

Mninga ulipatikana mzuri, kahawia yenye michirizi ya dhahabu. Mninga ni mbao tulivu. Ukishakauka hautikiswi sana na mvua wala jua, ndiyo maana mafundi wanaupenda, na kama meza yote ingekuwa mninga leo nisingekuwa na la kusimulia. Ila mshereheshaji alitaka malipo ya awali, keki ikapandishwa ghorofa ya tatu, fungu la mbao likaisha kabla mtoto hajapatikana. Basi uso wake nikaupa mninga, maana ndio unaoonekana, na mbavu nikaweka paina ya Mufindi. Mama mninga, mtoto paina. Kwa binadamu, hapo majirani wangeshaanza kuulizana.

Tatizo likawa pa kuificha, maana Mzee ananusa mninga kupitia ukutani. Chumba pekee asichoingia ni cha Mama Mhasibu, kwa sababu kina kiyoyozi, na Mzee anasema kiyoyozi kinampa mafua. Meza ikakaa humo wiki tatu, usiku na mchana, hewa kavu kama ya ndani ya jokofu. Humo ndimo nilimomchonga mtoto wangu. Nikampiga randa, nikampiga msasa, nikampima tena, mpaka akawa anaingia bila kuacha upenyo. Ukimsukuma anaingia polepole huku anapumua, fyuuu, kama mlango wa gari la waziri. Nikamwita Mama Mhasibu aje ashuhudie.

"Hata karatasi haipiti," nikamwambia, nikachukua risiti mezani kwake kujaribu. Kweli haikupita. Akapiga makofi.

Nje nikapaka vanishi mikono mitatu. Mbavu za mtoto sikuzipaka. Nani atazichungulia?

Sherehe ilipangwa Jumamosi moja ya Aprili. Mkazi wa Dar anajua Aprili ni nini. Wiki moja kabla yake, wakaguzi wa hesabu walikuwa wanakuja, Mama Mhasibu akataka chumba chake. Meza tukaihamishia baraza ya nyuma, tukaifunika turubai bovu, na masika yakafanya kazi yake siku saba mfululizo bila kupumzika hata Jumapili.

Asubuhi ya sherehe nilimfungua mtoto kwa taabu kidogo. Nikadhani ni ugeni tu, atazoea. Nikaweka ndani risala, kurasa mbili nilizozipiga chapa mwenyewe. Mama Mhasibu akaweka bahasha ya mchango. Kisha, kwa kuwa gauni lake jipya halikuwa na mfuko, akaweka na simu yake. "Humu salama kuliko benki," akasema. Mtoto hakutaka kurudi ndani. Nikamfunga kwa goti.

Saa nane mchana uwanja umejaa: familia, wapiga chapa, mafundi wa Keko waliovaa suti zenye vumbi la mbao mabegani, na safu nzima ya mashangazi. Aliyekosekana ni mgeni rasmi peke yake. Mshereheshaji akaamua tuanze na zawadi. "Tunamwomba msoma risala, ambaye pia ndiye fundi aliyeiunda meza hii kwa mikono yake mwenyewe!" Vigelegele. Nikasogea, nikainama kwa heshima, nikavuta kishikio.

Kimya.

Nikavuta kwa mikono miwili. Meza nzima ikanifuata.

"Mtoto ana haya," mshereheshaji akasema. Watu wakacheka kwa upole. Nikaweka mguu kwenye mguu wa meza, nikavuta kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu. Kishikio kikang'oka, nikaenda nacho kinyumenyume mpaka kwa wapishi, ambao walinidaka sentimita chache kabla ya sufuria la pilau.

"Mabibi na mabwana," sauti ikapaa kwenye kipaza sauti, "mtoto amegoma kutoka!"

Hapo mashangazi wakashika usukani.

"Mgeuzeni mama yake alale ubavu!"

"Msivute! Mtoto havutwi, anasukumwa!"

"Ana muda gani huyo?"

"Wiki tatu," nikajibu kabla sijafikiri.

"Eeh! Si hajatimia! Mwacheni!"

Na kama vile amesikia anasemwa, mtoto akaanza kulia. Simu ya Mama Mhasibu. Ilikuwa inaita na kutetema, na ile paina ikaipokea sauti kama ngozi ya ngoma. Uwanja mzima ulisikia. Mama Mhasibu akashika kichwa. Namba yake ndiyo pekee aliyopewa mgeni rasmi, na mgeni rasmi njia haijui. Ikaita, ikakata, ikaita tena.

Mshereheshaji akaniletea kipaza sauti. "Soma kwa kichwa, kaka. Usiache ukimya."

Ndugu zangu, mimi kwa kichwa sijui hotuba yoyote isipokuwa za misibani. Ndizo ninazozisikia kila wiki. Nikafumba macho nikaanza: "Ndugu zangu, tumekusanyika hapa leo kwa majonzi makubwa..." Nikasikia mtu anaguna, lakini gari lilishashika mteremko. "Mzee wetu, katika uhai wake, alikuwa mcheshi, mpenda watu, mchapakazi. Ameacha mjane, watoto watano..." Mke wa Mzee akajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Nikaona hotuba imemgusa, nikaongeza sauti. Baadaye niliambiwa alikuwa anacheka mpaka amepaliwa.

Mzee akanyoosha mkono. "Mwanangu, kabla hujafikia ratiba ya maziko, niruhusu niitazame hiyo meza."

Akavua koti, akalikunja mara mbili, akamkabidhi "mjane". Akagonga uso wa mtoto kwa vifundo vya vidole, kushoto, katikati, kulia, sikio limeinama. Akapitisha ukucha pale ambapo upenyo ungepaswa kuwepo. Akachuchumaa, akachungulia kwa chini.

"Uso mninga," akasema. "Mbavu paina."

"Ndiyo, Mzee."

"Ilikuwa inakaa wapi?"

"Kwa Mama Mhasibu."

"Kwenye kiyoyozi. Halafu?"

"Barazani, Mzee. Wiki hii."

Alikuwa anauliza kwa upole kama daktari ambaye majibu anayo tayari. Akanyamaza kidogo. "Toleo lililopita niliandika habari za watoto wa meza. Kipande cha unyevu kiko ukurasa wa ngapi?"

Moyo ukadondoka. Makala ile niliisahihisha mara nne. Aliandika kwamba mbao hata ikishakuwa meza bado inakunywa hewa: kwa urefu haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana, ila kwa upana inavimba na kusinyaa. Ubavu wa paina wenye upana wa sentimita 15, ukitolewa pakavu ukapelekwa penye unyevu, unaweza kuongezeka milimita 1 au 2. Kwa hiyo fundi anayechonga wakati wa ukavu aache juu ya mtoto nafasi ya unene wa sarafu, na ampake vanishi kote, hata pale wageni wasipopaona. Leo naisoma bila kutazama. Siku zile niliitazama bila kuisoma.

"Haikuwemo, Mzee," nikasema. "Niliikata."

"Kwa nini?"

"Lilikuja tangazo la gundi."

Nimewahi kumwona Mzee amenuna siku mbili kwa sababu ya mkato mmoja. Nikasubiri. Akaanza kwa kukohoa, kisha akacheka, akacheka mpaka akaishika meza asianguke. Na miguu ya meza, naomba hilo liandikwe, haikuyumba.

Akaagiza mkeka. Akalala chali chini ya meza na suruali yake mpya, viatu vinachungulia nje. "Wewe kaa mbele umpokee," akaniambia. Akaanza kumsukuma kwa nyuma kwa kiganja, kidogo kona ya kushoto, kidogo ya kulia, akirudia bila haraka, maana ukisukuma upande mmoja anakaa mshazari na kujibana zaidi. Mtoto akatokeza upana wa ukucha. Vigelegele. Wa kidole. Vigelegele. Kisha akachomoka mara moja, akanidondokea mapajani na kila kilichomo, tukalala wote majanini.

"Wa kike au wa kiume?" bibi mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Simu yangu!" akajibu Mama Mhasibu.

Mgeni rasmi alikuwa amepiga mara 11. Alikuwa ameingia kwenye harusi ya mtaa wa pili, wakamwona na tai wakamketisha meza kuu, na alipokwisha kula ndipo akaanza kushangaa kwamba hamfahamu mtu hata mmoja, na kwamba anayestaafu amevaa shela.

Mzee hakusubiri risala. Alitaka randa, ikaletwa kutoka karakanani, akampiga randa mtoto palepale kwenye meza kuu kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mwanga. Maranda yakaruka yakatua kwenye keki, mviringo mwembamba mweupe, watoto wakadhani ni nazi. Kisha akatazama huku na huku, akang'oa kwenye keki mshumaa wenye umbo la 6, akausugua kwenye mbavu zote mbili na kwenye njia zake. Keki ikabaki na sifuri. Akamrudisha mtoto ndani kwa kidole kimoja, akamtoa kwa kidole kimoja.

"Sasa soma," akaniambia.

Nikafungua risala. Sentensi ya kwanza, niliyoiandika kwa kujivuna wiki tatu nyuma, ilisema: "Mzee, umetufundisha kuiheshimu mbao." Sikupata nafasi ya kusoma ya pili. Uwanja uliangua kicheko hadi mvua ikaanza tena na hakuna aliyeinuka.

Iliponyamaza, fundi mmoja wa Keko akasimama bila kuitwa. Hakuwa na karatasi. Akasema michoro ya Mzee ameibandika ukutani kwake tangu siku za stensili, na kwa vitanda vya michoro hiyo ameoza mabinti watatu. "Hakuna kitanda kilichorudi," akasema. "Wala binti." Akaketi. Mzee akatazama chini, akawa anasafisha randa ambayo ilikuwa safi.

Wiki mbili baadaye ikaja bahasha ofisini, mwandiko ninaoujua. Ndani kulikuwa na makala: "Mtoto wa Meza Aliyegoma: Makosa Matano ya Fundi Mmoja". Jina langu hakulitaja, aliandika tu "fundi mmoja msomi", ambalo lilitosha, kwa sababu Keko nzima sasa wananiita hivyo. Pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Aya ya unyevu isiguswe."

Ilikuwa ndefu nusu ukurasa. Sikuondoa hata nukta. Tangazo la gundi ndilo lililobaki nje safari hii, na mwenye gundi mpaka leo hapokei simu yangu.