Nyumba Johannesburg, mshahara Lubumbashi

Watu wengi wa Lubumbashi wanaotafuta mkopo wa nyumba nje ya nchi wanaanzia Ubelgiji, kwa sababu ndugu wako huko na makaratasi ni ya Kifaransa kama yetu. Kwa mtu anayelipwa Congo na asiye na mshahara wa Ulaya hata wa mwezi mmoja, naona huko ni kuanza vibaya. Afrika Kusini inadai pesa nyingi mkononi, lakini masharti yake kwa mgeni yanajulikana, na hesabu unaweza kuifanya nyumbani kabla ya kumsumbua mtu yeyote.

Ulaya tuimalize haraka. Kwa agizo la Umoja wa Ulaya namba 2014/17, anayepokea dola na kukopa euro anahesabiwa kuwa na mkopo wa fedha za kigeni. Benki inalazimika kumpa haki ya kubadili sarafu ya deni au kinga nyingine euro ikipanda. Benki nyingi zinaona heri kukataa kuliko kubeba mzigo huo. Juu ya hayo, Congo iliingizwa kwenye orodha ya kijivu ya GAFI, chombo cha kimataifa kinachopambana na pesa chafu, Oktoba 2022, kisha Machi 2023 ikaingia kwenye orodha ya Ulaya ya nchi zenye hatari kubwa ya pesa chafu, kwa hiyo pesa zako zinachimbuliwa asili yake kuliko za mtu mwingine. Na ukiacha kulipa, hakimu wa Liège kule Ubelgiji hana njia rahisi ya kukata mshahara unaolipwa Kolwezi.

Ndugu akikwambia ushuru wa kununua nyumba Wallonie, upande wa Ubelgiji unaosema Kifaransa, umeshuka hadi 3%, hakudanganyi: ni hivyo tangu 1 Januari 2025. Lakini ni kwa anayehamia humo na asiye na nyumba nyingine. Wewe uliyeko Kampemba, hapa Lubumbashi, utalipa 12.5%. Kwa apatimenti ya euro 200,000 hizo ni euro 25,000, na bado hujamlipa notere.

Afrika Kusini, kanuni ya fedha za kigeni inamruhusu asiye mkaazi kukopa ndani ya nchi kiasi kisichozidi alicholeta kutoka nje. Ndiyo maana benki zinasimama kwenye 50% ya bei. Chukua nyumba ya randi 1,600,000: unaleta 800,000, unakopa 800,000. Ushuru wa kuhamisha umiliki, kwa viwango vilivyoanza 1 Aprili 2025, hautozwi kwa randi 1,210,000 za kwanza. Kutoka hapo mpaka 1,663,800 ni 3%. Kwa nyumba hii ni randi 11,700. Wakili wa kuhamisha hati ana ankara yake, wakili wa kuandikisha rehani ana yake. Omba makadirio ya wote wawili kwa maandishi kabla ya kusaini ofa.

Mkopo huo wa 800,000 kwa miaka 20, riba ikiwa 11%, unalipa karibu randi 8,260 kwa mwezi. Riba ikifika 12% inakuwa karibu 8,810. Kwa kawaida riba ya huko inapanda na kushuka katikati ya mkopo, kwa hiyo pima bajeti yako kwa riba ya juu. Randi ikianguka, dola zako zinalipa deni kwa urahisi, lakini nyumba nayo imepungua thamani kwa dola. Anayekusifia upande mmoja tu wa hesabu hiyo labda anataka kamisheni.

Kwenye ofa, hakikisha kimeandikwa kifungu kinachosema ununuzi unavunjika mkopo usipopatikana. Mara nyingi wauzaji wanaweka siku 30. Kwa faili linalotoka Congo hazitoshi. Dai 60, na kama muuzaji hataki, tafuta nyumba nyingine.

Sasa makaratasi, maana hapa ndipo wengi wanaanguka, wakiwemo wenye pesa nyingi. Benki haikuulizi una kiasi gani peke yake. Inataka kuona kila dola ilivyoingia. Mfanyakazi wa mgodi ana nafuu: mkataba, hati za mshahara zinazoonyesha ushuru wa mshahara uliokatwa, na releve (taarifa za akaunti ya benki) za miezi 12 ambapo kiasi kilekile kinaingia tarehe zilezile. Akilipwa nusu benki na nusu mkononi, ile ya mkononi haihesabiwi. Mfanyabiashara ana kazi kubwa zaidi. RCCM (hati ya usajili wa biashara), matamko ya ushuru ya miaka miwili au mitatu, releve za kampuni na za kwake binafsi zikiwa zimetenganishwa. Faida uliyoificha mbele ya DGI, idara ya ushuru ya Congo, umeificha pia mbele ya benki ya Johannesburg, na hakuna barua ya mhasibu itakayoifufua. Mwenye nyumba za kupangisha alete mikataba ya wapangaji pamoja na risiti za ushuru wa pango.

Kosa linaloua faili kuliko yote ni kuchukua dola 40,000 zilizolala nyumbani na kuziweka zote kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba. Zinaonekana kama zimedondoka kutoka mbinguni. Anza mwaka mmoja au miwili kabla, na kila kiasi kikubwa kiwe na karatasi yake: kuuza parseli (kiwanja), kuuza gari, gawio la kampuni. Usibebe pesa taslimu kupitia mpaka wa Kasumbalesa pia. Mchango wako lazima uingie kwa SWIFT, yaani uhamisho wa benki kwa benki, kwenye akaunti ya amana ya wakili, kwa sababu karatasi ya SWIFT ndiyo inayoiwezesha benki kugonga kwenye hati muhuri wa asiye mkaazi. Bila muhuri huo, kutoa pesa zako nje siku ya kuuza kutakuwa na vita.

Halafu majina yetu matatu. Pasipoti inayaandika kwa mpangilio mmoja, kadi ya mpigakura kwa mwingine, mwajiri ameruka la katikati, benki ya hapa imekosea herufi. Kwa karani wa Johannesburg hao ni watu wanne, na uhamisho unasimama. Sahihisha akaunti na hati za mshahara zifuate pasipoti kabla ya yote. Uthibitisho wa anwani nao: mita ya umeme mara nyingi iko kwa jina la mwenye nyumba, basi chukua cheti cha makazi kwenye ofisi ya komini, kisizidi miezi mitatu, na kitafsiriwe Kiingereza na mtafsiri aliyeapishwa.

Kuna wanaoona njia fupi ni kutumia jina la kaka au shemeji mwenye kazi huko. Mimi siikubali. Akisaini peke yake, nyumba ni yake, na pesa ulizotuma ni maneno tu mbele ya hakimu na mbele ya wajane. Mkisaini wawili, kila mmoja anadaiwa deni lote. Kama hamna budi, majina yote mawili yawe kwenye hati na sehemu ya kila mmoja iandikwe.

Baada ya ufunguo, usitume malipo mwezi kwa mwezi: uhamisho kutoka Congo unaweza kusimamishwa kwa maswali, na benki inakata tarehe yake bila kukusubiri. Weka akiba ya miezi mitatu kwenye akaunti ya huko. Ada ya jengo na ya manispaa hazimo kwenye mkopo, na ukiwa na deni la manispaa huwezi kuhamisha hati siku ya kuuza. Siku hiyo, bei ikizidi randi milioni 2, mnunuzi atazuia 7.5% kwa ajili ya ushuru. Kama faida yako ni ndogo, wakili aombe makato hayo yapunguzwe kabla ya malipo.