Jina la Kenyatta katika Kisumu ya 1969

Ukipanda matatu Kisumu mjini kwenda Mamboleo, unaifuata barabara ya Jomo Kenyatta, unaipita Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, unaingia Kondele, na mwishowe unafika kwenye uwanja wa michezo unaoitwa Jomo Kenyatta. Wenyeji wengi hospitali hiyo bado wanaiita "Russia", kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti.

Ni hapo hospitalini ambapo Rais Kenyatta alikuja kufanya ufunguzi tarehe 25 Oktoba 1969. Tom Mboya, waziri na mwanasiasa mashuhuri Mjaluo, alikuwa ameuawa Julai ya mwaka huo na msiba ulikuwa bado mbichi. Kenyatta na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, wakajibizana hadharani, umati ukazomea, risasi zikafyatuliwa. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wenyeji wamekuwa wakitaja idadi kubwa zaidi, wakiwemo watoto. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku, na Odinga akatiwa kizuizini.

Je, serikali inafanya haki kulibandika jina la Kenyatta kwenye mali ya umma katika mji huo huo?

Wanaolitetea wana hoja nzito. Kenyatta alikuwa rais wa kwanza wa nchi nzima, na kila eneo likiruhusiwa kumkataa kiongozi wa taifa kwa sababu ya machungu yake, hakuna jina litakalosimama popote. Tena, Sikukuu ya Madaraka ya 2021 iliadhimishwa katika uwanja huo wa Mamboleo, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wakiwa pamoja, miaka mitatu baada ya kupeana mikono kumaliza uhasama wao wa kisiasa. Wana wa mahasimu wawili kukutana Kisumu si jambo dogo, nami silibezi.

Lakini hapo ndipo ninapotofautiana nao. Maridhiano ya familia mbili si maridhiano na aliyempoteza mtoto siku ile. Kenyatta ana uwanja, Odinga ana hospitali. Raia waliopigwa risasi katika ugomvi wa hao wawili wamepewa nini? Na uwanja huu haukuachwa na mkoloni. Umepewa jina katika zama zetu, na watu wanaoijua historia ya 1969 vizuri kabisa.

Katiba ya 2010 ilikwisha kuonyesha kwamba tunaweza kujizuia: kifungu cha 231 kinakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Kwa viwanja hatukujiwekea mpaka kama huo.

Hata hivyo sitaki jina lifutwe. Likifutwa, kijana wa Kondele atapoteza sababu ya kuuliza, na serikali itaepuka swali kwa urahisi mno. Ninachotaka ni kibao cha serikali yenyewe kwenye geti la hospitali na kingine uwanjani, vyenye tarehe, tukio na majina ya waliokufa. Wapo wanaohofia kwamba hilo litatonesha kidonda. Naielewa hofu yao, ila kidonda hiki kimekuwa kikitoneshwa kila msimu wa uchaguzi bila kibao chochote. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, nayo ilipendekeza wahanga wajengewe kumbukumbu.

Kazi ngumu ni kuyakusanya majina. Aliyekuwa na miaka kumi siku ile sasa amepita sitini na tano, na wazazi waliozika watoto wao wanazidi kuondoka. Kaunti ianze nao, kabla ya kulipa fundi wa kuchonga herufi.