1979 haikuisha siku Kampala ilipotekwa

Kila ikikaribia Julai 25, siku ya mashujaa, mitandaoni inaanza kuzunguka ile hotuba ya Mwalimu Nyerere pale ukumbi wa Diamond Jubilee, Novemba 2, 1978, ya kutangaza vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin, rais wa Uganda, uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo, na mi kila nikiisikia mwili unasisimka kabisa. Halafu stori inaruka moja kwa moja mpaka Aprili 11, 1979, Kampala imetekwa, Amin kakimbia, basi, imeisha. Jamani, mwaka ule ulibakiza miezi nane na ushee baada ya hapo, na mi naamini hiyo miezi imegusa maisha yetu mpaka leo kuliko hata mapigano yenyewe, ila ndo hiyo hatuisemi.

Niseme mapema ili tusigombane: vita ile ilikuwa ya haki. Amin aliingiza jeshi mwishoni mwa Oktoba 1978, akachukua eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800 hivi, akatangaza ni mali ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Watu waliuawa, wengine walikimbia usiku na watoto mgongoni, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka, kiwanda cha sukari cha Kagera kikakombwa. Magofu ya kanisa pale Kyaka bado yamesimama, ukipita njia ya Mutukula unaweza ukaenda kuyaona kwa macho yako. Na wakati huo OAU, umoja wa nchi za Afrika, inatuhimiza tukae mezani tusuluhishwe, wakati jamaa yuko ndani ya nyumba yetu. Ningekuwepo ningemuunga mkono Mwalimu bila kusita.

Na nchi iliitika kweli. Vijana wa mgambo walitoka vijijini huko, wengine silaha ya maana wameishika kwa mara ya kwanza kwenye mafunzo ya haraka haraka, wakaungana na jeshi la JWTZ, vijana wa JKT, polisi na magereza, malori na mabasi ya watu binafsi yakachukuliwa kubeba askari na mizigo, wanavijiji wakatoa ng'ombe, mchele, kuku, hela kidogo waliyonayo, huku Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Sasa hebu fikiria barabara ya Dar mpaka Bukoba ya miaka ile, vumbi ukiwa na bahati na tope mvua ikinyesha, lori limejaa risasi na unga, dereva hana uhakika kama atarudi na kama lori la bosi wake litalipwa.

Watu wanaongea sana majina ya majenerali, Msuguri, Mayunga, Kiwelu, na wanastahili. Lakini chukua Lukaya, mji wa Uganda kwenye njia ya kwenda Kampala, Machi 10. Brigedi yetu ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, ilikuwa kwenye barabara inayokatiza kinamasi, Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakawafyatulia maroketi, wakatawanyika. Kesho yake wakajipanga upya wakarudi kupigana palepale, huku brigedi ya 208 ikiwazunguka adui kwa upande mwingine, na Lukaya ikachukuliwa. Miezi michache nyuma hao walikuwa wakulima. Mi hapo ndo huwa nanyamaza kwanza.

Machi 29 ndege ya Libya ikaja Mwanza kulipua matangi ya mafuta, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama. Wiki mbili baadae Kampala ikawa mikononi mwetu, na Walibya waliachiwa barabara ya Jinja makusudi ili watoke, uamuzi ambao kwangu ulikuwa wa busara sana. Juni 3 askari wetu walifika mpaka wa Sudan. Hapa ndo vitabu vingi vinafunga.

Ila Kampala ukishaiteka unabaki nayo. Rais mpya wa Uganda, Lule, aliyepatikana kwenye mkutano wa Waganda waliokuwa uhamishoni uliofanyika Moshi mwezi Machi, alidumu kama siku 68 tu, Juni 20 akatolewa akawekwa Binaisa, watu wakaandamana Kampala wanamtaka Lule wao, na mwenyewe akaja kukaa Dar, na inasemwa wazi kwamba hakuwa huru kuondoka anavyotaka. Wanajeshi wetu ndo walikuwa wanalinda mji. Mi nampenda Mwalimu lakini hapa siwezi kusema tulikuwa watazamaji. Mwezi Julai kule Monrovia kwenye kikao cha OAU, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakamsema Mwalimu hadharani kwamba ameingilia nchi ya mwenzake. Kuhusu Amin walikuwa wamekosea, tena sana, walinyamaza miaka yote watu wanachinjwa. Kuhusu Lule swali lilikuwa la halali, na sisi Watanzania tulitakiwa tuliulize wenyewe. Tungeliulizia wapi lakini? Redio ilikuwa RTD ya serikali, magazeti makubwa yalikuwa ya chama na serikali, chama kilikuwa kimoja.

Halafu ikaja bili. Hela ya vita inatajwa kama dola milioni 500, kwa nchi iliyokuwa tayari imetikiswa: bei nzuri ya kahawa ya 1976 na 1977 imeshaporomoka, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika 1977 ikabidi tuanze reli yetu, ndege zetu, posta yetu, na 1979 hiyohiyo mapinduzi ya Iran yakapandisha mafuta. Vyote vimekuja kwa pamoja. Mwalimu akawaambia wananchi wafunge mikanda miezi 18.

Mama yangu alikuwa binti kipindi hicho. Anasimulia foleni ya sukari na sabuni, unaamka alfajiri unakuta mawe yamepangwa mbele ya duka, kila jiwe ni mtu, mwenyewe kaenda shamba atarudi, na ole wako usogeze jiwe la mtu. Orodha ya kaya anayo balozi wa nyumba kumi, ukikosekana kwenye orodha umekwisha. Nguo zinafuliwa kwa majani ya mpapai. Anasema hakuna aliyelalamika mwanzoni kwa sababu walijua ni ya vita, na walihesabu ile miezi. Miezi 18 ikapita na mawe yakabaki palepale, miaka.

Na mwishoni mwa mwaka huohuo kuna tukio ambalo mi naliona ni kubwa sawa na Lukaya. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, mtu aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliona lazima tukubaliane na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ikiwemo kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu akakataa katakata, Mtei akajiuzulu, Amir Jamal akarudi wizarani. Nani alikuwa sahihi? Mi nadhani Mwalimu alikuwa na haki ya kukataa kuamrishwa, lakini Mtei alikuwa anaona hazina ilivyo tupu, na mjadala ule ulitakiwa uwe wa nchi nzima, kwa sababu waliopanga mawe dukani ndo waliokuwa wanalipa. Makubaliano makubwa na IMF yalikuja 1986, wakati wa Rais Mzee Mwinyi, tukiwa tumechoka zaidi, na masharti tuliyameza tukiwa hatuna pa kusimamia.

Sasa mtoto wa sekondari leo anafundishwa Kagera kama mechi tuliyoshinda. Haambiwi kwamba jina lenyewe la mkoa lilibadilishwa mwaka ule wa vita, kabla ya 1979 ulikuwa Ziwa Magharibi. Hapelekwi Kaboya kuona makaburi ya askari, na hajui kwamba raia waliouawa Kagera walikuwa wengi kuliko askari wetu waliokufa vitani. Mgambo waliorudi vijijini bila cheo wala picha, waliokuwa na miaka 20 wakati ule sasa wamevuka 65, kila mwaka wanapungua. Mi nataka kila kata iwe na orodha yao ukutani kwenye ofisi ya mtendaji, waliorudi na wasiorudi, na wenye malori yaliyochukuliwa nao waandikwe, na nyaraka za mwaka ule zifunguliwe tusome alichoandika Mtei na alichojibiwa. Kama una babu au mjomba aliyekwenda, muulize, na umuulize pia alirudi akakuta nini nyumbani.