Jino Likiuma Uingereza, na Likiuma Wilayani

Ndugu wengi nyumbani Tanzania wanaamini kwamba Uingereza matibabu ni bure kuanzia unyayo hadi utosi. Mguu ukivunjika, sawa. Meno ni habari nyingine. Serikali ilipoamua mwaka 1951 kwamba wagonjwa wachangie meno ya bandia na miwani, Aneurin Bevan, waziri aliyeianzisha NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, alijiuzulu. Kwa viwango vya Aprili 2025, mtu mzima hapa England alilipa pauni 27.40 kukaguliwa, pauni 75.30 kuziba au kung'oa, na pauni 326.70 kwa meno ya bandia. Watoto na wajawazito hawalipi.

Bei hiyo ni nafuu, ukimpata daktari. Februari 2024, mtaa wa St Pauls mjini Bristol, kliniki mpya ilipoanza kuandikisha wagonjwa wa NHS, watu walijipanga kwa mamia mpaka polisi wakaja. Nami nimepiga simu kliniki za mji ninaoishi, jibu ni lilelile: wapya wa NHS hatupokei, ila ukilipa binafsi njoo wiki hii. Daktari yuleyule, kiti kilekile!

Kinachomkimbiza daktari ni mkataba. Tangu 2006 kliniki hizi, ambazo ni za watu binafsi, hulipwa na NHS kwa vipimo vya kazi, yaani kwa aina ya tiba. Kuziba jino moja na kuziba sita kulilipwa sawasawa, hadi 2022 walipoongeza kwa anayeziba matatu au zaidi. Nani atamtaka mgonjwa mwenye mdomo mzima ulioharibika? Ndiyo maana katika nchi tajiri kama hii, meno yaliyooza yanaongoza kwa kuwalaza hospitali watoto wa miaka 5 hadi 9.

Sasa twende nyumbani. Dada yangu ni tabibu wa meno katika hospitali ya wilaya. Kuziba amefundishwa, na anapenda kuziba. Lakini siku nyingi anang'oa tu, maana ganzi na koleo vipo, ila pampu ya hewa inayoendesha mashine ya kutobolea jino imekufa na fundi wake yuko mkoani, au dawa ya kuzibia imeisha. Mgonjwa naye anafika akiwa ameshamaliza karafuu na maji ya chumvi, shavu limevimba, na anatoa amri mwenyewe: "Ng'oa tu, dokta." Gego lililooza kwa tundu dogo linaishia kwenye ndoo.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wetu wanawazidi Waingereza, nalo halisifiwi vya kutosha. Ukiamka na jino, unakwenda asubuhi, unakata kadi, unaonwa siku hiyo hiyo. Na anayekuona yuko kwenye mshahara, kwa hiyo hana sababu ya kukukwepa kwa kuwa meno yako ni mabovu sana.

Kwa hiyo nikisikia ajira mpya za afya zimetangazwa, nafurahi nusu. Ukimpeleka tabibu wa meno mahali pasipo na kiti kinachofanya kazi, umepeleka mng'oaji. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni 2023, na mimi ningeanzia hapo: bima imlipe aliyeokoa jino zaidi ya aliyeling'oa. Mganga mfawidhi akiona fedha ziko kwenye kuziba, fundi wa pampu atatafutwa bila barua ya kumkumbusha.