Viroboto maji, vimelea na swali la madume: Ubelgiji wanasema hivi, Naivasha inasema vile

Kuna ubishi wa kibaiolojia ulioanza kitambo na mpaka leo haujaisha: kwa nini viumbe wengi wanajamiiana badala ya kila jike kuzaa peke yake? Maana ukipiga hesabu, jike anayezaa majike watupu anaongezeka mara 2 ya yule ambaye nusu ya watoto wake ni madume, na madume hawazai. Kwa hesabu hiyo tu madume walitakiwa wawe wameshapotea duniani, na bado wapo. Jibu linalopendwa sana ni vimelea, na kiumbe aliyebebeshwa mzigo mkubwa wa kulithibitisha ni kiroboto maji, Daphnia kwa jina la kitaalamu.

Huyu siyo kiroboto wa mbwa, wala siyo mdudu. Ni jamaa wa kamba na kaa, ana milimita 1 mpaka 5 hivi, anaogelea kwa kurukaruka, na kutwa kazi yake ni kuchuja maji ale mwani. Mwili wake unapitisha mwanga, ukimweka chini ya hadubini unaona moyo unavyodunda, utumbo wa kijani kwa mwani aliokula, na mfuko wa mgongoni una mayai yamejipanga. Sasa chukua aliyeingiliwa na bakteria anayeitwa Pasteuria ramosa. Huyo amenenepa kuliko wenzake, mwili una rangi ya kahawia nyekundu kama vile una ukungu ndani, na ule mfuko ni mtupu kabisa. Hazai tena. Bakteria amemhasi, nguvu yote ya kuzaa kaigeuza kuwa yake, na siku mwenye mwili akifa zinamwagika spora, yaani mbegu ndogo za huyo bakteria, kwa mamilioni, zinazama kwenye tope na zinaweza kukaa huko miaka na miaka bado ziko hai zinasubiri mwingine apite.

Halafu kuna kitu kimoja kinachomfanya awe mzuri kwa swali hili: anazaa kwa njia zote 2. Mambo yakiwa mazuri jike anajizalisha nakala zake tu, majike kwa majike. Siku zikifupika, msongamano ukizidi au chakula kikipungua, ndo wanazaliwa madume, wanajamiiana, na yanatokea mayai ya usingizi yenye ganda gumu ambayo nayo yanazama kwenye tope. Kwa hiyo tope la bwawa linatunza kiroboto maji na adui yake pamoja, tabaka juu ya tabaka.

Upande wa kwanza, wa vimelea, wanasema hivi. Nadharia inaitwa Malkia Mwekundu, jina alilipa Leigh Van Valen mwaka 1973, kwamba kiumbe lazima aendelee kubadilika ili tu abaki alipo kwa sababu adui zake nao wanabadilika. Kwa viroboto maji hili lina ushahidi wa kushika mkononi. Spora ya Pasteuria haimwambukizi kila kiroboto maji, inatakiwa kwanza inase kwenye ukuta wa koo la chakula, na kunasa kunategemea jeni za pande zote mbili, kama kufuli na ufunguo wake, ukikosea hata kidogo haifungui. Maana yake kloni, yaani ukoo wa nakala za jike mmoja, ikitawala bwawa, ufunguo unaofungua hiyo kloni ndo unaoongezeka zaidi, na baada ya muda ile iliyokuwa nyingi inaumwa yote. Anayejamiiana anachanganya jeni, kwa hiyo watoto wake wana kufuli tofautitofauti.

Mwaka 2007 Ellen Decaestecker na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walifanya kitu ambacho mimi naona ni kati ya majaribio mazuri kuliko yote ya ikolojia: walichimba tope la bwawa la Oud-Heverlee, wakalikata kwa tabaka, wakayaangua yale mayai ya usingizi, halafu kila kizazi wakakikutanisha na vimelea vya tabaka lake, vya tabaka lililotangulia na vya tabaka lililofuata. Vilivyoambukiza vizuri zaidi ni vya wakati uleule. Vya zamani vilipitwa, vya baadaye vilishahamia kwa wengine. Halafu 2016 kule Stirling, Scotland, kundi la Stuart Auld wakalinganisha watoto waliozaliwa kwa kujamiiana na wale wa nakala, mama zao ni walewale, na waliotokana na kujamiiana wakawa na kinga zaidi ya mara 2. Ukiishia hapo unaona kesi imefungwa.

Haijafungwa, na sababu ya karibu kabisa na sisi ipo Kenya.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 walileta samaki wa Kimarekani aina ya besi kuwaweka Ziwa Naivasha kwa ajili ya uvuvi wa starehe. Inaonekana ndani ya hayo maji kulikuwa na abiria ambaye hakuna aliyemwona. Joachim Mergeay na wenzake walisoma tope la Naivasha kwa kupima DNA ya mayai ya zamani, wakatoa matokeo 2006: kloni moja ya Kimarekani, chotara wa Daphnia pulex na Daphnia pulicaria, isiyojamiiana kabisa, hata mayai yake ya usingizi inayatengeneza bila dume, ilimfuta ndugu yake wa asili wa Kiafrika aliyekuwa anajamiiana na mwenye jeni za kila namna. Ndani ya miaka kama 60 tu. Na haikuishia Naivasha, ilisambaa sehemu nyingi za Afrika, kloni ileile moja. Yaani yule ambaye kwa nadharia alitakiwa aliwe na vimelea wa kwanza ndiye aliyeshinda bara zima, na hili mtu wa Malkia Mwekundu hawezi kulipita kimyakimya.

Kuna na hoja nyingine ambayo kwangu ina uzito kuliko hata Naivasha. Kiroboto maji wa kawaida akitaka kuvuka baridi au ukame anahitaji yai la usingizi, na yai hilo linakuja na kujamiiana. Sasa tukiona anajamiiana tunajuaje ni kwa ajili ya vimelea na siyo kwa ajili ya bwawa kukauka? Vitu viwili vimefungwa pamoja. Jaribio la Stirling linaonyesha faida ipo, ila faida na sababu ya kitu kuwepo ni mambo tofauti.

Tena vimelea wenyewe hawatawali kila mahali. Kwenye maziwa ya Indiana, Marekani, Meghan Duffy na wenzake walifuatilia kuvu anayeitwa Metschnikowia (ndo huyohuyo ambaye mwanabiolojia Metchnikoff alimwangalia 1884 akiona chembe za damu za kiroboto maji zikimshambulia, kazi iliyochangia Nobel yake ya 1908). Matokeo ya 2012 yalikuwa hivi: palipokuwa na mlipuko mkubwa, viroboto maji wakabadilika kuwa na kinga zaidi, lakini palipokuwa na mlipuko mdogo walibadilika kuwa dhaifu zaidi kwa ugonjwa! Kwa sababu kinga ina gharama, wenye kinga wanazaa kidogo, sasa ugonjwa ukiwa kidogo unalipia ulinzi usiouhitaji. Na ukubwa wa mlipuko unaamuliwa na nani? Na chakula kwenye ziwa na wanaowawinda. Samaki anamla mgonjwa kwanza kwa sababu mwili wa mgonjwa haupitishi mwanga, anaonekana kirahisi, ugonjwa unapungua. Viluwiluwi vya nzi wa Chaoborus wao wanakula ovyo, spora zinabaki zimezagaa majini, ugonjwa unapanda. Kwa hiyo kabla hujaongelea vimelea na jeni inabidi uulize kwanza kama ziwa lina samaki.

Mimi nasimama wapi? Naamini Malkia Mwekundu anaeleza vizuri ni kloni gani itatamba mwaka huu na ipi mwaka kesho. Siamini kwamba peke yake anaeleza kwa nini madume wapo. Ila wanaoshangilia Naivasha nao wapunguze kasi, miaka 60 ni mingi kwetu lakini kwa mambo ya mageuzi ni midogo sana, na mgeni anapohama mara nyingi anawaacha adui zake nyumbani, inawezekana kabisa kloni ile ilishinda kwa sababu vimelea vya huku vilikuwa havijapata ufunguo wake.

Na hili linapimika bila kubishana zaidi. Kloni ya Naivasha karibu haijabadilika tangu ije, kwa hiyo ni kipimo tayari. Unachukua viroboto maji wa leo, unawapa spora za tabaka la miaka ya 1950, za 1980 na za juu kabisa. Kama Malkia yuko sahihi, spora mpya ziwaambukize kuliko za zamani, maana kimelea amekuwa akimkimbilia mtu aliyesimama. Kama hakuna tofauti, basi upande wa kwanza watafute jibu lingine kwa Afrika. Vyuo vyetu vya Kenya, Uganda na Tanzania vina watu wa maziwa wazuri tu, na tope liko hapahapa, lisisubiri tena mpaka lisafirishwe Ulaya.