Stesheni ya Kigoma kwa vitofali vya plastiki: tujenge au tuache?

Huko Billund, Denmark, kuna bustani iliyofunguliwa mwaka 1968 ambamo majumba, bandari na mitaa mizima imejengwa kwa Lego, vile vitofali vya plastiki vya kuchezea watoto. Tangu hapo mtindo umeenea: mji unajengewa nakala ndogo ya jengo lake mashuhuri, inawekwa penye watu wengi, nayo inahesabiwa kuwa sanaa ya umma. Nataka kulipima wazo hilo kwa mazingira ya huku kwetu. Tuseme tunajenga stesheni ya reli ya Kigoma, na lile tembe (nyumba ya udongo yenye paa bapa) la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, alimokaa Livingstone mwaka 1872. Ina faida? Naona ipo, tena kubwa, ila haiko pale wengi watakapoitafuta.

Wengi wataitafuta kwenye nakala yenyewe: wageni wapige picha, mji upate sifa. Mimi naitafuta kwenye kupima. Kutoka kinundu kimoja hadi kingine juu ya kitofali cha Lego, pale kitofali kingine kinaposhikia, ni milimita 8, na kimo cha kitofali ni milimita 9.6. Ukijenga kwa kipimo cha moja kwa hamsini, ukuta wa mita 10 unakuwa sentimita 20, yaani vinundu 25. Ukuta wenye kimo cha mita 4.8 unakuwa safu 10 kamili. Hapo hakuna kukisia. Lazima ujue matao ya stesheni ni mangapi, dirisha liko umbali gani kutoka dirisha jingine, paa linaanzia wapi. Mwanafunzi anayeteremka kutoka mtaa wa Mwanga kwenda mjini Kigoma ameliona jengo lile tangu utotoni bila kuhesabu hata tao moja. Mpe tepu na karatasi, atalijua ndani ya wiki kuliko alivyolijua maisha yake yote. Kazi ikiisha mnabaki na vitu viwili, nakala na mchoro wenye vipimo, na kwangu mimi mchoro ndio mali.

Nasema hivyo kwa sababu majengo ya huku yanaondoka bila kuandikwa. Tembe la udongo likikosa matengenezo ya paa, masika machache yanatosha kulilaza chini. Nyumba za zamani za Ujiji, zenye baraza na milango ya nakshi, zinapisha nyumba za bloku moja baada ya nyingine. Stesheni nayo, ambayo reli ya Wajerumani iliifikia Februari 1914, inakabiliwa na mabadiliko: mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Jengo la abiria likipungukiwa abiria, watu wa kulitetea nao hupungua.

Tena hapa Kigoma, Mwisho wa Reli, kuunganisha vipande si jambo geni. Meli ya MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa treni. Iliunganishwa hapa ikashushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Nakala ya stesheni isiyoonyesha gati na meli hiyo itakuwa imeacha nusu ya sababu ya stesheni kujengwa.

Upande wa pili una hoja nzito. Ya kwanza ni kwamba kitofali kina upendeleo. Stesheni, yenye kuta zilizonyooka, matao yanayofanana na ghorofa juu ya ghorofa, inakubali vitofali bila shida. Tembe la Kwihara linakubali umbo tu, kwa kuwa ni la pembe nne na lina paa bapa na ua katikati, lakini ukuta wa udongo uliosawazishwa kwa mikono hauigiki kwa plastiki inayong'aa. Njoo sasa kwenye msonge wa Waha au wa Wanyamwezi, ukuta wa mviringo na nyasi hadi karibu na ardhi: hapo kitofali kinashindwa kabisa. Matokeo yake tutaonyesha majumba ya wakoloni kwa sababu ndiyo yanayojengeka kwa urahisi, na mtoto atakayetazama ataondoka akiamini kwamba ujenzi wa maana ulianza na Wajerumani. Hoja hii sioni namna ya kuipuuza.

Ya pili ni uzito wa historia. Kwihara na Ujiji ni vituo vya njia ya misafara ya pembe na watumwa, na njia hiyo imo tangu 2006 katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya urithi wa dunia wa UNESCO. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilipolipuka. Je, kitu cha kuchezea kinaweza kubeba hayo? Kinaweza, kwa mkono unaojua. Ekow Nimako, msanii wa Kanada mwenye asili ya Ghana, hutumia vitofali vyeusi peke yake, na ameujenga upya Kumbi Saleh, mji wa dola ya kale ya Ghana, kazi iliyoonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Aga Khan, Toronto. Anayeiona hacheki, anatulia na kutazama. Ila vijitu vya plastiki vilivyofungwa minyororo sitavikubali mezani hata siku moja. Jambo hilo lielezwe kwa maandishi, kwa Kiswahili kinachosomeka, pembeni ya jengo.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniumiza zaidi. Kule ulikoanzia mtindo huu, mtazamaji anakitambua kitofali tangu utoto wake. Mwaka 2015 kampuni ya Lego ilipokataa kumuuzia msanii wa China Ai Weiwei vitofali kwa wingi, watu walimchangia vya nyumbani kwao. Ujiji ukiitisha mchango kama huo utapata vingapi? Vitofali halisi ni ghali mno kwa familia nyingi, na hata vile vya kampuni nyingine vinavyoshikana navyo vinamshinda mzazi mwenye ada ya kulipa. Nakala iliyojengwa na mtaalamu wa nje na kufungiwa kwenye kioo itakuwa kitu cha wageni kinachotazamwa na wenyeji, na hapo neno umma halitakuwa na haki ya kutajwa. Kwa mradi wa namna hiyo, heri fedha zikazibe paa la jengo lenyewe.

Mafundi wa Tabora watauliza pia kwa nini plastiki, wakati mninga upo na udongo upo. Wana haki kwa sehemu. Mninga unataka fundi mmoja aliyebobea. Kitofali kinamruhusu mtoto wa darasa la tano kukosea, kubomoa na kurudia, na watu arobaini kushiriki kazi moja. Lakini tembe la udongo lifinyangwe kwa udongo. Stesheni iwe ya vitofali, tembe na msonge viwe vya udongo na nyasi halisi, vyote kwa kipimo kile kile cha moja kwa hamsini, juu ya meza moja. Mtu akisimama mbele yake ataona tofauti ya ukubwa ilivyo kweli, na ataona kila jengo limetokana na nini.

Meza hiyo ikae ndani, kwa sababu jua huifubaza plastiki na mvua huurudisha udongo kuwa tope. Ukumbi wa abiria wa stesheni unafaa, kwa kuwa aingiaye pale halipi kiingilio na mara nyingi ana muda wa kusubiri. Wajenzi wawe wanafunzi wa Kigoma na Tabora, wakiongozwa na mafundi wa hapa hapa. Kabla kitofali cha kwanza hakijanunuliwa, michoro yenye vipimo iwe imekamilika, nakala moja iende shuleni, moja halmashauri na moja kwa wanaosimamia mambo ya kale.