Wagermaniki: vinasaba vinanyamaza pale tunapovihitaji

Mwaka 2015 DNA ilionyesha kwamba watu wa utamaduni wa vyungu vyenye alama za kamba, huko Ujerumani, walikuwa na takriban robo tatu ya nasaba kutoka nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Wapo wanaosema asili ya Wagermaniki, yaani wasemaji wa lugha iliyozaa Kijerumani, Kiingereza na lugha za Skandinavia, imepatikana hapo. Mimi naona wameharakisha. Mifupa hiyo ni ya milenia ya 3 KK, na Kigermaniki kilikuwa bado hakijajitenga na lugha ndugu zake, kama Kilatini na Kigiriki.

Lugha hujitenga kwa sauti. Katika Kigermaniki p iligeuka f, t ikawa th, k ikawa h: "baba" ni pater kwa Kilatini, father kwa Kiingereza. Na wakati wake unaweza kukadiriwa. Kannabis, jina la bangi kwa Kigiriki, lina chimbuko moja na hemp ya Kiingereza. Neno liliingia mapema, k yake ikageuka. Lakini caupo, mchuuzi wa Kirumi, ndiye chanzo cha kaufen, "kununua" kwa Kijerumani, na k imebaki salama. Basi mageuzi yalikwisha kabla biashara na Warumi haijashamiri.

Akiolojia inatuonyesha utamaduni wa Jastorf, kuanzia karne ya 6 KK, kaskazini mwa Ujerumani hadi Jutland, rasi ya Denmark. Wakati unalingana vizuri. Ila chungu hakina lugha: mwanaakiolojia Mjerumani Gustaf Kossinna aliihesabu kila aina ya vyombo kuwa kabila, na Wanazi wakadai ardhi za watu kwa hoja hiyo. Tena Kifini kimehifadhi kuningas, "mfalme", karibu sawa na umbo la kale la Kigermaniki, kuningaz. Mkopo huo unaonyesha wasemaji wa Kigermaniki walifika pia pwani za Baltiki, kwa hiyo Skandinavia haiwezi kuachwa nje.

Vinasaba vingeamua, lakini watu wa Jastorf walichoma maiti na kuzika majivu mitungini, na moto huo huteketeza DNA. Vinamasi navyo havisaidii. Mtu wa Tollund, aliyekufa Jutland takriban 400 KK, bado ana ngozi na vinyweleo vya ndevu, ila asidi iliyomhifadhi ndiyo inayoharibu DNA.

Alken Enge, pia Jutland, imetoa mifupa isiyochomwa ya watu wasiopungua 82. Hao ni wa mwanzo wa karne ya 1 BK, konsonanti zikiwa zimekwisha kugeuka.